Sura ya Saba: Namba Kwenye Taa ya Kulia

Inspekta Phylis Muthoki alipofika kituo kile kidogo cha polisi nje ya mji wa Kitengela, saa tatu asubuhi, alikuta kesi imeshafungwa bila yeye. Hati ya mashtaka ilikuwa imepigwa chapa, faili limefungwa kwa uzi, na Sajini Kahiga, aliyeipeleleza kesi hiyo, alikuwa anakunywa chai kwa raha zote za mtu aliyemaliza kazi.

"Umejichokesha bure kukuja, afande," Kahiga alisema akimvutia kiti. "Huyu jamaa anasomewa mashtaka leo saa nane, Kajiado. Na anakubali."

"Nani amesema anakubali?"

"Yeye mwenyewe. Hata sijamwinulia sauti."

"Basi nipe faili na ufunguo wa seli."

Kahiga aliweka kikombe chini. "Si ulitumwa uweke sahihi tu?"

"Siweki sahihi kwa kitu sijasoma. Hata risiti ya maziwa huwa nasoma."

Alisoma akiwa amesimama. Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, saa kumi na mbili unusu jioni, Mzee Ngui alikuwa anasukuma baiskeli yake kandokando ya barabara ya Namanga, karibu na Kisaju, akiwa na gunia la vitunguu nyuma. Gari jeupe lilimgonga likaendelea na safari. Mzee alilala hospitalini karibu wiki tatu bila kufumbua macho, na Jumamosi iliyopita akafariki. Barabarani palibaki vitunguu vilivyotapakaa, na kipande cha plastiki ya taa chenye ukubwa wa kiganja, cha njano kama jino la mvuta sigara. Fundi wa serikali alikitazama akasema ni cha taa ya mbele ya kulia ya Toyota Fielder.

Septemba hiyo ya 2009 Fielder nyeupe zilikuwa nyingi Kitengela kuliko mbuzi, hasa kwa kuwa mbuzi walikuwa wanakufa kwa ukame. Lakini moja ilikuwa ya Wanjala, dereva wa teksi, na Wanjala alikuwa amefanya jambo lililowafurahisha polisi sana. Jumatano asubuhi, siku moja baada ya ajali, alionekana nje ya nyumba aliyopanga akisugua taa za gari lake kwa msasa na dawa ya meno. Mwenye nyumba, Bwana Githongo, alikuja mwenyewe kituoni Ijumaa kuandikisha maelezo. Gari likazuiwa kituoni, Wanjala akaachiliwa kwa dhamana ya polisi, na mzee alipofariki akakamatwa tena.

"Ni rahisi," Kahiga alisema. "Taa ya kulia ilivunjika. Akanunua ingine. Sasa ukiweka taa safi karibu na taa ya njano, kila mtu ataona imebadilishwa. Ndio akasugua ile ya zamani zifanane, na akajifanya anasugua zote mbili."

Phylis alikubali kimoyomoyo kwamba hoja ile ilikuwa nzuri. Kahiga hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu, na haraka ya askari humwangukia mtu mwingine. Alichukua ufunguo akaenda seli.

Wanjala alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, ameketi sakafuni mikono kwenye magoti. Alisimama alipomwona.

"Mimi ni Inspekta Muthoki, natoka ofisi ya Kajiado. Nimeambiwa utakubali mashtaka."

"Ndio, madam."

"Ulimgonga Mzee Ngui?"

Alikawia kujibu, na kule kukawia ndiko kulikomtia Phylis wasiwasi. Mwenye hatia hukana upesi.

"Nilipita Kisaju hiyo jioni," Wanjala alisema. "Nilikuwa nimebeba mteja wa Isinya, simjui hata jina. Sikusikia nikigonga kitu. Lakini kila mtu anasema ni mimi. Na hawa wako hapa ndani wananiambia ukikubali mapema unaonewa huruma. Niko na watoto watatu, madam."

"Sijauliza watoto. Ulimgonga?"

"Sidhani."

"Taa ulisugua kwa nini?"

"Harusi. Nilikuwa nimeitwa kubeba maharusi Jumamosi, na taa zilikuwa zimefifia mpaka aibu."

"Nieleze vile ulifanya. Kama unanifundisha."

Hapo mabega ya Wanjala yalinyooka kidogo. Alikuwa ameulizwa kitu anachokijua.

"Kwanza unaosha. Halafu unabandika seloteipu pembeni, ndio msasa isikwaruze rangi ya gari. Mimi nilikuwa na kipande moja tu ya msasa ya maji, ile ya mia nane, nilipewa na fundi wa bodi. Unailoweka, unasugua polepole, na maji inatoka njano kama supu. Ikiacha kutoka njano unapangusa, unaweka dawa ya meno kwa kitambaa, unasugua mpaka mkono unauma."

"Kipande kimoja tu? Hukumalizia na msasa laini?"

"Ningetoa wapi? Ndio maana ukiangalia karibu utaona mikwaruzo."

"Na juu ulipaka nini, ya kuzuia jua?"

"Hakuna. Dawa ya meno tu."

"Hao watu wako ndani wakikupa mawaidha tena," Phylis alisema akifunga mlango, "waulize kwa nini bado wako ndani."

Kazi hiyo aliijua kwa mikono yake. Mwezi uliotangulia, nyumbani kwake Laiser Hill, alikuwa amekaa Jumapili nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa akisugua taa za gari lake mwenyewe, baada ya kuchoka kuendesha jioni kama anayetafuta njia kwa kibiriti. Alijifunza mambo mawili. La kwanza, taa ya plastiki hutoka kiwandani na ngozi nyembamba inayoikinga na jua, na msasa huiondoa ngozi hiyo pamoja na unjano. La pili, usipoipaka kinga nyingine, baada ya wiki chache ukungu unarudi, na jua la Kajiado halina subira. La pili alilijifunza kwa uchungu, kwa sababu yeye pia alitumia dawa ya meno akaridhika.

"Kahiga, kuja tuangalie gari."

Fielder ya Wanjala ilikuwa nyuma ya kituo, wiki tatu juani, ikiwa na vumbi la kutosha kupanda maharagwe. Phylis alimwaga maji ya chupa juu ya taa zote mbili akazipangusa kwa leso. Kisha akachuchumaa.

"Unaona nini?"

"Taa."

"Angalia tena. Ukungu umerudi?"

Kahiga aliinama. "Umeanza."

"Wapi? Kushoto ama kulia?"

"Zote."

"Sawasawa?"

Kahiga alihama kutoka taa moja hadi nyingine mara mbili. "Sawasawa," alikiri.

"Kama moja ingekuwa imetoka dukani na ngozi yake, ingekuwa bado safi. Sasa weka kidole hapa."

Kwenye kona ya chini ya taa palikuwa na namba ya gari imechongwa, kama ilivyo kwa karibu kila gari mjini humo. Wezi wa taa na vioo vya pembeni walikuwa wengi, na mtu aliyenunua gari alichongesha namba kila mahali kabla hata ya kulipeleka kanisani kuombewa. Kahiga alipitisha kidole juu ya namba ya kushoto, kisha ya kulia. Zote zilikuwa zimefifia. Kucha yake iliteleza juu ya herufi bila kukwama.

"Msasa ulipita juu ya hizi namba zote mbili," Phylis alisema. "Zilikuwa hapa kabla hajaanza kusugua. Sasa nionyeshe taa mpya."

Kahiga alisimama wima, akavua kofia, akaivaa tena. "Hakuna taa mpya hapa."

"Hakuna. Hili gari halikuvunjika taa."

"Lakini afande, maelezo ya Githongo..."

"Hayo ndiyo nataka turudie."

Waliyasoma juu ya boneti. Githongo alikuwa amesema mengi, kwa mwandiko wa karani aliyechoka. Phylis aliweka kidole kwenye mstari wa tano na kuusoma kwa sauti: alimwona mshukiwa akisugua taa kwa msasa namba elfu moja, kisha namba elfu mbili, kisha dawa ya meno.

"Wanjala alitumia mia nane, ule mkali, kipande kimoja. Mikwaruzo hiyo hapo, unaiona mwenyewe. Githongo aliona wapi elfu moja na elfu mbili?"

"Labda alisoma nyuma ya karatasi."

"Akiwa ng'ambo ya ua? Karatasi imelowa, na mkono uko juu yake?" Phylis alikunja maelezo. "Mtu akidanganya juu ya kitu hajaona, anajaza na kile anajua. Githongo anajua msasa wa elfu moja na elfu mbili kwa sababu amezishika. Anaendesha gari gani?"

Kahiga aligeuka akaitazama Fielder ya Wanjala.

"Fielder," alisema. "Nyeupe."

Duka la Githongo la dawa za mifugo na vyakula vya kuku lilikuwa kando ya barabara ya Namanga, na gari lake, KAV 418T, lilikuwa limeegeshwa mbele juani, mahali lilipokaa kila siku. Githongo alikuwa ndani na mteja. Phylis hakuingia. Alisimama mbele ya gari kama mtu anayesubiri mwenzake, akatazama taa.

Ya kushoto ilikuwa na ukungu. Ya kulia ilikuwa safi kama gilasi ya wageni.

Aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Namba ya kushoto, KAV 418T, ilikuwa imefifia, kucha ikateleza juu yake. Namba ya kulia ilikuwa ile ile, KAV 418T, lakini kucha ilikwama katika kila herufi, na K yake ilikuwa imelala upande. Phylis alihisi furaha ile ya kazi ambayo hakuwahi kumweleza mtu, akainuka.

"Amechonga namba kwa taa mpya," alimnong'onezea Kahiga.

"Si kila mtu huchonga?"

"Hebu fikiria. Umemgonga mtu. Umenunua taa ya kuficha. Umesugua ile ingine zifanane. Unafaa utulie, sivyo? Lakini wewe ni mtu wa Kitengela, na taa haina namba, na unajua ikilala hivyo wiki moja itaibwa. Hofu ya mwizi imeshinda hofu ya polisi."

Kahiga alicheka, kisha akakumbuka ni nani aliyemkamata Wanjala, akaacha.

Kilichobaki ni kujua siku. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mafuta, fundi aliyeitwa Mbaluka alikaa chini ya mwavuli uliochanika, na kimashine chake cha kuchongea kimeunganishwa na waya mrefu kutoka dirisha la ofisi.

"Sopa, madam," alimsalimu kwa Kimaasai, kama alivyowasalimu wateja wote, wawe Wamaasai au la.

"Ipa. Wewe ni Mbaluka? Mimi ni polisi. Usisimame, hujafanya kitu. Umewahi chonga taa moja peke yake?"

"Moja?" Mbaluka alifikiri. "Watu huchonga gari yote. Taa, vioo, madirisha. Ama jozi. Moja ni shida, mpaka uwe umebadilisha." Akasita. "Kuna mmoja. Huyo wa duka ya madawa hapo. Alikuja na gari, akasema nimrekebishie ya kulia, imefutika. Nikamwambia hata hiyo ya kushoto imefifia, wacha nipitie zote. Akakataa. Akanikemea hata."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Unajuaje? Ni wiki tatu."

"Madam, Alhamisi ndio zamu yetu ya kukosa stima, si unajua hii mgao? Kutoka asubuhi mpaka jioni. Nilimwambia arudi kesho, akasema hapana, ni leo. Nikachonga na mkono, na sindano ya chuma. Hata K yangu haikunyooka, iliniuma roho." Alitazama ng'ambo ya barabara kwa masikitiko ya fundi. "Ni Alhamisi ya wiki ile mzee wa vitunguu aligongwa. Hiyo stori ndio tulikuwa tunaongea nikichonga. Yeye mwenyewe alisema huyo dereva akamatwe."

Phylis aliandika maneno yake, akamsomea, Mbaluka akatia sahihi. Saa ilikuwa tano na dakika ishirini.

Sasa waliingia dukani. Mke wa Githongo, Mumbi, alikuwa nyuma ya kaunta akipima chakula cha vifaranga. Githongo mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kualika, na aliwakaribisha kama wateja wakubwa.

"Sajini! Karibuni, karibuni. Mama Kui, letea wageni soda. Nasikia kesi ni leo?"

"Ni leo," Phylis alisema. "Mimi ni Inspekta Muthoki. Nimekuja kukushukuru kwa maelezo yako. Ulieleza vizuri sana. Msasa elfu moja, kisha elfu mbili."

"Nilikuwa nimesimama kwa ua. Niliona kila kitu."

"Wewe pia umesugua zako. Nimeziona hapo nje."

Githongo hakutetereka. "Ni kweli. Niliona zake zimetoka poa, na mimi nikajaribu. Si makosa?"

"Si makosa hata kidogo. Ulisugua zote mbili?"

"Zote mbili."

"Siku moja?"

"Siku moja. Jumatano jioni, nyumbani."

"Na zote ni za zamani. Hujabadilisha taa."

"Sijawahi. Gari iko na taa zake kutoka Japani."

"Sajini, andika hiyo." Kahiga aliandika. Phylis alisubiri kalamu ikome. "Bwana Githongo, zote ni za umri mmoja, zimesuguliwa siku moja, zimekaa juani mahali pamoja. Kwa nini ya kushoto imerudi na ukungu na ya kulia haina?"

"Labda nilisugua hiyo vizuri zaidi."

"Basi namba yake ingefutika zaidi. Lakini namba ya kulia inakwaruza kucha, na ya kushoto imekwisha. Ya kushoto ilichongwa kabla ya msasa. Ya kulia ilichongwa baada. Mbaluka anasema Alhamisi, kwa mkono, kwa sababu stima haikuwa. Na wewe ulikataa aguse ya kushoto."

Githongo alitazama mlangoni. Kahiga, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekosea mengi, hapa hakukosea. Alikuwa tayari amesimama mlangoni.

"Namba ilikuwa imefutika, nikarudishia. Hiyo ni kesi?" Githongo alisema, na ile sauti ya kualika ilikuwa imekwisha. "Kipande chenu kina namba? Hakina. Kinaweza kuwa cha gari yoyote."

"Ni kweli, hakina. Kwa hivyo namba ilibaki kwenye taa yenyewe, ile iliyovunjika." Phylis aliegemea kaunta. "Nimekuwa nikifikiria hiyo taa tangu nivuke barabara. Ungeitupa jalalani, waokotaji wangeiona ina namba, wakuletee wakitaka zawadi. Ungeichoma, jirani wote wangeuliza ni plastiki gani hiyo. Imechongwa KAV 418T, na kila mtu hapa anajua KAV 418T ni nani. Taa yako huwezi kuitupa. Uko nayo. Swali ni kama iko nyumbani ama iko hapa. Sajini ataenda kuomba kibali cha kupekua, na mimi nitakaa na nyinyi. Niko na subira."

Haikuwa kweli kwamba alikuwa na subira. Saa ilikuwa inakaribia sita, na Kajiado ilikuwa mbali. Lakini aliketi juu ya gunia akakunja mikono kama mtu aliyekuja kushinda.

Mumbi alikuwa ameacha kupima. Kijiko cha bati kilikuwa bado mkononi, na unga ulikuwa unamwagika kidogokidogo juu ya mizani.

"Baba Kui," alisema. "Uliniambia uligonga ng'ombe."

"Nyamaza wewe."

"Uliniambia ng'ombe ya Mmaasai, na unaogopa atakudai. Ukaficha hiyo taa, ukaniambia nisiseme." Sauti yake haikupanda. "Mimi nimekuwa nikipelekea watoto wa Wanjala maziwa kila asubuhi. Mkubwa ananiuliza baba yake alifanya nini, na mimi namwambia aombe Mungu."

Aliweka kijiko chini, akaenda nyuma ya duka. Githongo alipiga hatua kumfuata, Kahiga akatoka mlangoni akamwekea mkono begani. Mumbi alirudi na gunia la chakula cha kuku wa mayai, akaliinamisha sakafuni mbele ya Phylis. Katikati ya unga ilitoka taa ya gari iliyofungwa gazetini. Ilikuwa ya njano, imepasuka, na upande mmoja pengo lenye ukubwa wa kiganja. Chini yake palikuwa pamechongwa KAV 418T.

Phylis alitoa kipande cha Kisaju kwenye bahasha ya ushahidi iliyokuwa ndani ya faili, akakiweka penye pengo. Kiliingia bila kulazimishwa.

"Sikumwona," Githongo alisema. Macho yake yalikuwa kwenye ile taa. "Hizo taa zilikuwa zimekufa. Ziliwaka lakini hazikuonyesha kitu. Kila siku nilisema nitasugua, nitasugua. Niliona tu baiskeli ikiruka. Sikumwona kabisa."

"Nakuamini," Phylis alisema. "Ungesimama, ingekuwa ajali. Na Mzee Ngui pengine angefika hospitali mapema. Ukaenda ukatafuta mtu wa kukubebea mzigo, ukampata ni mpangaji wako, anasugua taa za harusi."

Githongo alilia. Phylis hakumhurumia, na hakujilaumu kwa hilo. Alimsomea haki zake, akamwandikia Mumbi hati ya vitu vilivyochukuliwa, akamfungia Githongo kwenye seli aliyokuwamo Wanjala, ambayo ilikuwa tupu. Askari wa zamu alisema gari la mahabusu lilikuwa limeondoka saa tano unusu.

Kahiga aliendesha. Walipita Kisaju, wakapita Isinya, na mizoga ya ng'ombe kando ya barabara.

"Hoja yako ilikuwa sawa," Phylis alisema mwishowe. "Taa mpya, ya zamani ikasuguliwa zifanane. Yote ni kweli. Ulikosea gari tu."

"Nimefunga mtu bure, afande."

"Bado hujamfunga. Kanyaga mafuta."

Walifika mahakamani Kajiado saa nane na dakika kumi na tano. Phylis alisukuma mlango na taa iliyovunjika ikiwa kwapani, ndani ya gazeti, ikimwaga unga wa kuku sakafuni. Wanjala alikuwa kizimbani. Karani alikuwa ameshamsomea shtaka, na Wanjala alikuwa ameshajibu.

"Amesema ni kweli," mwendesha mashtaka alimnong'onezea. "Nilikuwa ninaanza kusoma maelezo ya kesi."

"Usisome. Soma hii."

Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya Mbaluka, akaitazama taa, akaingiza kipande katika pengo kwa mkono wake mwenyewe, akakitoa, akakiingiza tena. Kisha akasimama akaomba ruhusa. Alieleza kwa dakika tano. Hakimu, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, alisikiliza bila kumkatiza, akaagiza taa iletwe mezani, akaikagua.

Halafu alimgeukia mshtakiwa.

"Wanjala, muda mfupi uliopita nimekuuliza kama shtaka ni kweli, ukasema ni kweli. Sasa polisi wenyewe wanasema si wewe. Kwa nini ulikubali?"

Wanjala alishika ubao wa kizimba. Ilionekana alikuwa anatafuta jibu ambalo hakulijua mwenyewe.

"Mheshimiwa, wiki tatu kila mtu alikuwa akiniambia ni mimi. Polisi, landilodi, majirani, hata kanisani waliniombea nitubu. Ilifika mahali nikilala nasikia huyo mzee akigonga gari. Nilisikia kabisa. Nikaona basi mimi ndiye sikumbuki vizuri."

Kahiga, nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nafuta jibu la kwanza," hakimu alisema, akiandika. "Shtaka litaondolewa, lakini nataka rekodi iwe safi. Karani, msomee tena."

Karani alisoma: kwamba siku ile, mahali pale, kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, alisababisha kifo cha Ngui. Je, ni kweli au si kweli?

"Si kweli," Wanjala alisema.

Hakimu aliandika. Karani akachukua faili lililofuata.

"Mheshimiwa," Wanjala alisema, "naomba kusema tena."

"Umeshasikika. Nimeandika."

"Najua umesikia. Ni mimi bado sijasikia."

Hakimu aliweka kalamu chini, akavua miwani, akamngoja.